Walezi wa Protini: Kazi ya Arthur Horwich

Ukweli ukisha kuthibitishwa na kutuzwa, aghalabu huwa kama ukuta: watu huuegemea, wala hawaulizi umefika wapi. Ndivyo ilivyokuwa habari ya mkunjo wa protini hata mwaka wa 1987.

Protini ni uzi wa asidi amino, nao aghalabu haufanyi kazi yake mpaka ujikunje na kupata umbo lake. Christian Anfinsen, mtaalamu wa Marekani, aliikunjua kwa dawa protini moja yenye asidi amino 124. Dawa zilipoondolewa, akaona imerudia umbo lake pasipo msaada. Akatoa kanuni kwamba umbo la protini limo katika mpangilio wa uzi wake wenyewe, na mwaka wa 1972 akashiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kanuni ilikuwa kweli. Lakini chupa ya maabara ni mahali pa faragha, na seli ni soko lililosongamana, ambamo nyuzi zisizokunjika bado huweza kunasana na kuwa madonge.

Arthur Horwich, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1951, aliijia elimu hii kwa njia ya utabibu wa watoto. Katika Chuo Kikuu cha Yale alichunguza kimeng'enya kimoja cha ini kisaidiacho kuondoa amonia mwilini. Mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kisha amonia ikajaa damuni, akazimia na kufa. Kimeng'enya hicho hutengenezwa nje ya mitokondria, nao uzi wake hupenya ndani ukiwa umenyoshwa. Je, ukisha kuingia, hujikunja peke yake?

Mwaka wa 1987 Horwich na mwanafunzi wake, Ming Cheng, waliitia jeni ya kimeng'enya hicho katika hamira, wakachungua hamira zenye kasoro mbalimbali. Aina moja ilistaajabisha. Kimeng'enya kiliingia, kipande cha mbele kilichokiongoza njia kikakatwa kama ilivyo kawaida, lakini kazi hakikufanya. Mtafiti mwenye haraka angaliidhania ajali. Wao waliifuatia kasoro hiyo, wakaikuta katika protini iitwayo Hsp60. Kwa kushirikiana na Franz-Ulrich Hartl, aliyekuwa Munich, Ujerumani, walieleza mwaka wa 1989 kwamba protini ziingiazo mitokondria huihitaji Hsp60 ili zikunjike.

Protini za namna hii wataalamu walikwisha kuzipa jina la mwanamke mtu mzima aliyefuatana na msichana mikutanoni, ili kumkinga na uhusiano usiofaa. Kwa Kiswahili twaweza kuziita walezi. Je, mlezi huyu hufanya nini? Horwich na Paul Sigler, mjuzi wa maumbo ya fuwele, walionyesha mwaka wa 1994 umbo la mlezi wa bakteria aliye ndugu wa Hsp60: pete mbili zilizobebana, kila moja yenye vipande 7. Mwaka wa 1997 wakamwonyesha pamoja na kifuniko chake. Uzi huingia katika chumba, kifuniko hufunga, na kwa muda wa sekunde 10 hivi hukaa peke yake, mbali na nyuzi za kunasana nazo. Kisha mlango hufunguka. Usiokunjika sawasawa huweza kurudi tena.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walakini mlezi huyu haamui umbo la mwanawe. Humpa mahali na muda wa kujikunja. Kwa hiyo Anfinsen hakuvunjiwa kanuni yake, bali ilijazwa pale ilipopungua.

Horwich na Hartl walipewa Tuzo ya Lasker mwaka wa 2011. Horwich alikwisha kugeukia ugonjwa uuao neva ziongozazo misuli, ambao kwa baadhi ya wagonjwa protini moja hukosa umbo lake na kufanya madonge. Tabibu alikuwa amerudi kwa wagonjwa, naye akiwa na swali lile lile: uzi ukishindwa kujikunja, na mlezi asipotosha, mwili hufanyaje?