Ardhi Iliyopumzika si Ardhi Tupu

Kamusi hulieleza neno shamba kuwa ni eneo linalolimwa. Lakini katika misitu ya miombo ya Katanga, ardhi ya kilimo haikuwa ile tu yenye mazao juu yake. Mkulima alifyeka, akachoma matawi, akapanda mtama au mihogo kwa miaka michache, kisha akaliacha konde lirudishe rutuba. Miaka hiyo ya mapumziko ilikuwa sehemu ya kilimo chenyewe: humo wenyeji waliokota kuni, uyoga na dawa, wakingoja siku ya kurudi kulima.

Dola Huru la Kongo halikulitazama pori hilo hivyo. Agizo la tarehe 1 Julai 1885 lilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya Dola. Agizo la mwaka 1906 lilikubali kuwa ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, kuilima au kuitumia kwa kufuata desturi zao; lakini katika utekelezaji maneno hayo yalifasiriwa kwa ufinyu. Konde lililopumzika likahesabiwa kuwa tupu, likaweza kutolewa kwa makampuni.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliiweka ardhi ya jamii za vijijini katika miliki ya Serikali, ikiahidi amri ya Rais ya kufafanua haki zao. Amri hiyo ilingojewa kwa miongo mingi.

Hapa suala la lugha ni suala la haki: sheria isiyo na neno la kuitaja ardhi inayopumzika humfanya mkulima kuwa mgeni katika konde la wazee wake.