MRI ya utendaji wa ubongo

MRI ya utendaji wa ubongo, inayojulikana pia kwa kifupi cha kimataifa fMRI, ni njia ya kuchunguza kazi za ubongo wa mtu aliye hai bila kumpasua. MRI ya kawaida huonyesha umbo la ubongo, kwa mfano uvimbe au mahali palipovuja damu. MRI ya utendaji huonyesha mabadiliko yanayotokea ndani ya ubongo wakati mtu anapoona, anaposikia, anapokumbuka au anapoamua jambo. Mashine inayotumika ni ileile; tofauti iko katika namna picha zinavyopigwa na kuchambuliwa.

Njia hii haipimi mawazo yenyewe wala umeme wa seli za neva. Inapima mabadiliko ya oksijeni katika damu inayopita karibu na seli hizo. Jambo hilo ndilo chanzo cha manufaa yake na pia cha mipaka yake.

Msingi wa kibiolojia

Ubongo wa mtu mzima ni takriban 2% ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni ambayo mwili unaihitaji wakati wa kupumzika. Seli za neva hazina akiba kubwa ya nishati, hivyo hutegemea damu ifike bila kukatika. Sehemu fulani ya ubongo inapoongeza kazi, mishipa midogo ya damu ya sehemu hiyo hutanuka na damu nyingi zaidi huingia. Oksijeni inayoletwa huzidi ile inayotumika, na kwa sababu hiyo kiwango cha oksijeni katika damu ya sehemu hiyo hupanda badala ya kushuka.

Oksijeni hubebwa na hemoglobini, protini yenye chuma iliyomo katika seli nyekundu za damu. Hemoglobini iliyobeba oksijeni karibu haivurugi uga sumaku. Ile iliyokwisha kuachia oksijeni huuvuruga kidogo, na ishara inayopokelewa na mashine hupungua. Damu mpya inapofika, hemoglobini isiyo na oksijeni hupungua na ishara huongezeka. Ishara hii huitwa BOLD, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba inategemea kiwango cha oksijeni katika damu.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mwili una maji mengi, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha atomu hiyo ni protoni moja ambayo hutenda kama sumaku ndogo sana. Ndani ya mashine, sumaku kubwa hufanya sehemu ndogo ya protoni hizo zielekee upande mmoja. Kisha mawimbi ya redio huzisukuma kutoka mahali pake. Zinaporudi, hutoa mawimbi dhaifu ya redio ambayo kompyuta huyageuza kuwa picha.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5 au 3, na baadhi ya vituo vya utafiti vina mashine za tesla 7. Sumaku ya tesla 3 ina nguvu takriban mara 60,000 ya uga sumaku wa Dunia.

Katika uchunguzi wa utendaji, ubongo mzima hupigwa picha upya kila baada ya sekunde 2 hivi au chini yake. Kila picha imegawanyika katika vijisanduku vinavyoitwa vokseli, ambavyo mara nyingi vina upana wa milimita 2 hadi 3. Vokseli moja ya gamba la ubongo inaweza kuwa na mamia ya maelfu ya seli za neva.

Historia

Wazo la kwamba kazi ya ubongo huambatana na mtiririko wa damu ni la karne ya 19. Mwanafiziolojia wa Italia Angelo Mosso alitengeneza mizani ya kumlaza mtu, akitarajia upande wa kichwa ushuke kidogo mtu huyo anapofikiri. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington wa Uingereza walieleza kwamba ubongo unaweza kubadilisha kiasi cha damu sehemu kwa sehemu kulingana na kazi inayofanyika.

Mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba hemoglobini hubadilika kisumaku inapopata au kupoteza oksijeni. Ugunduzi huo ulingoja zaidi ya miaka 50 kabla ya kutumika kupiga picha za ubongo. Katika miaka ya 1970 Paul Lauterbur na Peter Mansfield waliweka misingi ya MRI, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003. Mansfield ndiye aliyebuni pia njia ya kupiga picha kwa haraka sana, ambayo fMRI inaitegemea hadi leo.

Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha ishara ya BOLD katika ubongo wa panya. Mwaka 1991 kundi la Jack Belliveau mjini Boston lilitoa ramani ya sehemu ya ubongo ya kuona kwa binadamu, lakini kwa kuwadunga washiriki dawa maalumu katika mshipa. Mwaka 1992 makundi kadhaa, likiwemo la Kenneth Kwong, la Ogawa na la Peter Bandettini, yalipata matokeo kwa binadamu bila dawa yoyote, kwa kutumia damu yenyewe. Tangu hapo njia hii ilienea haraka.

Namna uchunguzi unavyofanyika

Mshiriki hulala chali ndani ya mashine na kutakiwa asisogeze kichwa, kwa kuwa hata kusogea kwa milimita chache huharibu picha. Huonyeshwa picha, husikilizishwa sauti au hutakiwa kubonyeza kitufe. Vipindi vya kazi hupokezana na vipindi vya kupumzika au vya kazi nyingine, kisha picha za vipindi hivyo hulinganishwa. Kwa mfano, anayetafuta sehemu inayotambua nyuso hulinganisha wakati mshiriki anapotazama nyuso na wakati anapotazama vitu vingine. Kwa njia hiyo Nancy Kanwisher na wenzake walieleza mwaka 1997 sehemu ya ubongo inayoitikia nyuso kuliko vitu vingine.

Mabadiliko ya ishara ni madogo, mara nyingi asilimia chache tu. Kwa hiyo jaribio hurudiwa mara nyingi na takwimu hutumika kutenganisha ishara na kelele. Rangi nyekundu na njano zinazoonekana katika picha za fMRI ni matokeo ya hesabu hizo. Ubongo wenyewe hauwaki taa.

Njia nyingine ni kumpima mtu asipopewa kazi yoyote. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walionyesha kwamba hata wakati wa mapumziko, sehemu za ubongo zinazoshirikiana hupanda na kushuka pamoja. Mbinu hii husaidia kuchora mitandao ya ubongo, na inafaa kwa wasioweza kufuata maagizo.

Matumizi

Katika hospitali, fMRI hutumika hasa kabla ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo au wa kifafa kisichotulizwa na dawa. Daktari hutafuta sehemu za lugha na za kusogeza viungo za mgonjwa huyo, ili aepuke kuzikata. Hata hivyo, madaktari wengi huthibitisha ramani hiyo kwa njia nyingine, kama vile kuuchochea ubongo kwa umeme wakati wa upasuaji.

Matumizi mengine yanahusu wagonjwa waliopoteza fahamu kwa muda mrefu. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani na asiyeonyesha dalili za fahamu. Alipoambiwa awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake, ubongo wake uliitika kama wa watu wenye afya. Mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa 54 ulipata 5 walioweza kufanya hivyo, na mmoja wao alijibu maswali ya ndiyo au hapana kwa kuwaza tenisi kwa jibu moja na nyumba kwa jibu jingine. Kwa familia na madaktari wanaoamua kuhusu matunzo, matokeo kama hayo ni mazito. Lakini kutopata ishara hakuthibitishi kwamba mgonjwa hana fahamu: huenda amelala, hasikii au haelewi lugha.

Mipaka na mijadala

Mtiririko wa damu ni wa polepole. Seli za neva hufanya kazi kwa maelfu ya sehemu za sekunde, lakini ishara ya BOLD hufikia kilele baada ya sekunde 5 hivi. Ndiyo maana watafiti wengine huitumia pamoja na EEG, ambayo hupima umeme wa ubongo kwa haraka lakini haionyeshi vizuri mahali unapotoka.

Tatizo la pili ni la takwimu. Mtu akipima vokseli 50,000 kwa kigezo kinachoruhusu kosa 1 kwa kila vipimo 1,000, vokseli 50 hivi zinaweza kuonekana zimeitika kwa bahati tu. Craig Bennett na wenzake walilidhihirisha hilo walipomweka samaki aina ya salmoni aliyekufa ndani ya mashine na kumwonyesha picha za watu: bila marekebisho ya takwimu, "ubongo wake uliitika". Mwaka 2016 utafiti mwingine ulionyesha kwamba mbinu fulani za programu zilizotumiwa sana zingeweza kutoa matokeo ya uongo hadi 70%, badala ya 5% inayotarajiwa. Mwaka 2020 makundi 70 yaliyopewa data zilezile yalitofautiana katika baadhi ya majibu. Kwa sababu hiyo watafiti wengi sasa huweka data zao wazi, hutangaza mpango wa uchambuzi mapema na hutumia washiriki wengi zaidi.

Tatizo la tatu ni la tafsiri. Sehemu moja ya ubongo hushiriki katika kazi nyingi. Amigdala huitika mtu anapoogopa, lakini huitika pia kwa mambo ya kufurahisha au mapya. Hivyo kuona amigdala imeitika hakutoshi kusema kwamba mtu anaogopa. Pia kuitika hakuthibitishi ulazima: sehemu inaweza kushiriki katika kazi ambayo ingefanyika hata bila hiyo. Kwa sababu hizo madai ya kutambua uongo kwa fMRI yamepingwa na wanasayansi wengi.

Usalama

fMRI haitumii mionzi kama ya eksirei, hivyo mtu anaweza kupimwa mara nyingi. Hatari kubwa ni sumaku, ambayo huvuta vitu vya chuma kwa nguvu na huwa haizimwi hata mashine inapokuwa haipigi picha. Kila anayeingia huulizwa kama ana kifaa cha kuendesha moyo, vipande vya chuma mwilini au vipandikizi vingine. Mashine hutoa kelele kubwa, kwa hiyo mshiriki huvaa vizibo vya masikio. Wanaoogopa mahali finyu wanaweza kushindwa kuvumilia, na hupewa kitufe cha kuomba kutolewa.

Tazama pia

Ubongo
Mfumo wa neva
Hemoglobini
Sumaku
Eksirei