Mgonjwa, Dondoo na Mtahini: Kipengele Kimoja cha Historia ya Utungaji wa Maswali

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha ya fasihi analijua tatizo hili: kazi moja, wasahihishaji wawili, alama mbili zisizokaribiana. Aghalabu tunadhani ni tatizo la fasihi pekee. Makala haya yanalifuatilia katika mtihani wa leseni ya udaktari nchini Marekani, kwa kuwa huko lilipimwa kwa takwimu, na matokeo yake yakabadilisha namna maswali yanavyotungwa.

Bodi ya Kitaifa ya Watahini wa Tiba iliundwa mwaka wa 1915. Mtihani wake wa kwanza ulifanyika jijini Washington, Oktoba 1916, ukachukua takriban juma zima. Waliotahiniwa walikuwa 10 tu, 5 wakafaulu. Katika miaka hiyo watahiniwa waliandika insha, kisha wakasimama kando ya kitanda cha mgonjwa halisi huku mtahini akiwahoji. Kwa watu 10 utaratibu huo ulifaa. Kwa maelfu ulilemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 insha ziliondolewa, maswali ya kuchagua jibu yakashika nafasi yake. Mtihani wa kitandani ulisalia hadi ulipochunguzwa kati ya 1960 na 1963, katika utahini wapata 10,000. Ikiwa 1 ni kukubaliana kikamilifu, uwiano wa alama za watahini wawili kwa mtahiniwa yuleyule haukufika 0.25. Ukafutwa mwaka wa 1964.

Hapo mzigo ukamwangukia mtunzi. Mtahini asiyemwona mtahiniwa hana budi kuutia ujuzi wake wote ndani ya swali. Badala ya kudai fasili ya ugonjwa, mtunzi husimulia kisa kifupi: umri wa mgonjwa, malalamiko yake, matokeo ya vipimo, kisha huuliza hatua ipi ifuate. Bodi hiyo huwapa watunzi kanuni moja niipendayo mno: funika majibu yote, na mtu ajuaye aweze kujibu kutokana na swali lenyewe. Asipoweza, swali lina kasoro, hata kama jibu sahihi limo.

Hata hivyo, karatasi haionyeshi jinsi daktari anavyozungumza na mgonjwa. Mwaka wa 2004 mtihani wa vitendo ulirejeshwa, safari hii kwa wagonjwa 12 wa kuigiza, waliofunzwa kutoa maelezo yaleyale kwa kila mtahiniwa. Ada ilipita dola 1,000, nayo malalamiko hayakukoma. Janga la korona liliusimamisha mwaka wa 2020, ukafutwa rasmi Januari 2021.

Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, dondoo ndilo mgonjwa wetu. Mtahiniwa huwekewa maneno mbele yake ayachunguze. Lakini tazama tulivyolifanya: “Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)” Msemaji, msemewa, mahali, sababu. Wasahihishaji hawatofautiani, na aliyekariri mwongozo bila kuigusa riwaya huzoa alama zote. Tumeupata ulinganifu kwa kumwondoa mgonjwa.

Sisemi dondoo lifutwe. Chukua maneno ya mhusika anayedanganya, umuulize mtahiniwa ni neno lipi humo linalomfichua, alithibitishe kwa tukio la baadaye. Mwongozo wa kulisahihisha swali hilo utajaza ukurasa mzima, kwani majibu yanayokubalika ni mengi, nao walimu wa idara watabishana. Wabishane kabla ya karatasi kupigwa chapa.