Ushahidi wa mwathirika mnyonge: jinsi mahakama zinavyoupima

Makosa ya kujamiiana hutendeka mafichoni, na mara nyingi wanaoyajua kwa hakika ni wawili tu: aliyetenda na aliyetendewa. Mwathirika akiwa mtoto, mtu mwenye ulemavu wa akili au mzee asiyejiweza, kesi nzima yaweza kusimama juu ya maneno yake peke yake. Makala haya yanaeleza jinsi mahakama za Tanzania na Kenya zinavyoyapokea na kuyapima maneno hayo.

Chimbuko la kutoaminiwa

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kanuni za ushahidi kutoka Uingereza. Huko, Jaji Matthew Hale, aliyefariki mwaka 1676, alikuwa ameandika kwamba shutuma ya ubakaji ni rahisi kutolewa na ni vigumu kwa mshtakiwa kujinasua nayo. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1736, na mashaka hayo yakatawala mahakama kwa muda mrefu. Mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliwataka majaji wajionye juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mlalamikaji pekee, yasiyoungwa mkono na ushahidi mwingine. Aliyeibiwa ng'ombe hakuwekewa kizuizi hicho, aliyebakwa aliwekewa.

Sheria ilivyobadilika

Tanzania ilibadili mwelekeo mwaka 1998 kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Tangu hapo, ushahidi wa mtoto mdogo au wa mwathirika wa kosa la kujamiiana unatosha kumtia mshtakiwa hatiani, hata usipoungwa mkono na mwingine, kwa sharti moja: mahakama iridhike kwamba shahidi anasema kweli tupu, na sababu za kuridhika huko ziandikwe kwenye mwenendo wa kesi.

Nchini Kenya, Mahakama ya Rufaa iliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba kudai ushahidi wa ziada kwa sababu tu mlalamikaji ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa kuhusu watoto, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ikaupanua ulinzi huo. Mahakama ya Juu ya Uganda nayo iliitupilia mbali kanuni hiyo ya kale mwaka 2018.

Mabadiliko haya yaligeuza swali lenyewe. Zamani mahakama iliuliza, "Nani mwingine aliona?" Leo inauliza, "Je, huyu anasema kweli?"

Mtoto mbele ya hakimu

Katika sheria ya ushahidi ya Tanzania, mtoto wa umri mdogo ni yule anayeonekana kuwa na umri usiozidi miaka 14. Zamani hakimu alilazimika kumhoji kwanza ili kupima akili yake na uelewa wake wa kiapo. Marekebisho ya mwaka 2016 yalirahisisha jambo hilo: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilielekeza aulizwe maswali mepesi: umri wake, dini yake, kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli.

Hatua hii ni fupi, lakini ina uzito mkubwa. Zipo rufaa ambazo ahadi haikuonekana kwenye mwenendo, ushahidi wa mtoto ukaondolewa na mshtakiwa akaachiwa. Mtoto hakuwa na kosa lolote. Aliyeteleza ni mwenye kalamu.

Vipimo vya ukweli

Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule wa mwathirika mwenyewe. Hukumu za baadaye zimeongeza tahadhari: maneno yake hayapokewi kama msahafu, bali hupimwa. Mahakama huangalia mambo haya:

- Kumtaja mhusika mapema. Anayemtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza anayoipata huaminika zaidi. Ukimya huhitaji maelezo, na kitisho cha kuuawa au kumtegemea mtuhumiwa kwa chakula na malazi ni maelezo yanayoingia akilini.
- Mtiririko wa maelezo. Kutofautiana kuhusu saa au rangi ya nguo ni jambo dogo. Kutofautiana kuhusu nani alitenda na alitenda nini kunaigusa mizizi ya kesi.
- Lugha. Watoto wetu wamefunzwa kusitiri maneno. Mahakama hazimlazimishi mtoto kutaja viungo waziwazi. Nchini Kenya, kauli "alinifanyia tabia mbaya" imekubaliwa kuwa na maana ya kunajisiwa, ikisomwa pamoja na maelezo mengine.
- Uwezekano wa chuki. Utetezi ukidai kesi imetungwa kwa ugomvi wa familia au wa shamba, dai hilo huchunguzwa kwa ushahidi.

Kutokuwa na majeraha hakuthibitishi kwamba mwathirika aliridhia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema alama za kupambana si lazima, na kuingiliwa hata kidogo kunatosha. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu (PF3) na ripoti ya daktari husaidia, ila hazimtaji mtendaji. Mwathirika akiwa mtoto, umri wake nao ni lazima uthibitishwe, kwa cheti cha kuzaliwa, kwa kauli ya mzazi, ndugu au daktari, au ya mwathirika mwenyewe.

Kumlinda shahidi bila kumnyima haki mshtakiwa

Nchini Tanzania, ushahidi wa makosa haya husikilizwa faraghani. Shahidi asiyeweza kuzungumza anaruhusiwa kueleza kwa maandishi au kwa ishara. Nchini Kenya, mahakama inaweza kumtangaza shahidi kuwa anayehitaji ulinzi kwa sababu ya umri, ulemavu, kiwewe au uhusiano wake na mshtakiwa, kisha ikaruhusu akae mahali asipomwona mshtakiwa au azungumze kupitia msaidizi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, inautambua msaada huo.

Mshtakiwa naye ana haki ya kumhoji shahidi na kumwita daktari aliyejaza PF3. Adhabu ya ubakaji nchini Tanzania haipungui miaka 30, na huwa kifungo cha maisha mwathirika akiwa chini ya miaka 10. Kwa uzito huo, jukumu la kuthibitisha bila kuacha shaka yenye msingi hubaki kwa upande wa mashtaka daima.

Sheria imempa mnyonge sauti, lakini sauti hiyo hulindwa na kazi ya wengine. Mzazi na mlezi, mpelekeni mtoto polisi na hospitali mara moja, msimfundishe la kusema wala msipatane na mtuhumiwa nyumbani. Hakimu na mwendesha mashtaka, chukueni ahadi ya mtoto, thibitisheni umri wake na andikeni sababu za kumwamini au kutomwamini. Mtoto aliyepata ujasiri wa kusema hastahili kushindwa kwa uzembe wa mtu mzima.