Gome Chungu la Amani

Ukitoka kivukoni Magogoni, Dar es Salaam, ukaifuata pwani, unaipita Ikulu na kulifikia jengo la Hospitali ya Ocean Road. Wajerumani walilikamilisha mwaka 1897 kwa ajili ya wagonjwa wa Kizungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine mjini, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji. Malaria ilizijaza zote mbili.

Mwaka huohuo daktari Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam akitokea India, akatumia miezi mingi kuchunguza damu kwa darubini. Mwaka 1901 daktari mwenzake, Ollwig, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akipima wakazi damu na kuwapa kwinini walioonekana na vimelea.

Kwinini ilitoka katika gome la mkwinini, mti wa milima ya Amerika Kusini ambao Waholanzi waliuhamishia Java hadi wakaishika karibu biashara yote ya dunia. Ulaya nayo ilikuwa na gome lake. Mwaka 1763 padri Mwingereza Edward Stone aliwaandikia wanasayansi wa London kwamba unga wa gome la mwerebi, mti wa kandokando ya mito, hutuliza homa. Alilionja akaona uchungu wake unafanana na wa mkwinini. Utafiti wa gome hilo ndio uliozaa aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899. Lakini mwerebi hushusha joto la mwili tu. Kimelea cha malaria haukiui. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilihitaji mkwinini.

Mwaka 1902 kituo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa Amani, Usambara Mashariki, na mikwinini ikapandwa. Ni kazi ya subira: miche hutunzwa kitaluni, huhamishiwa mlimani, kisha hungojewa miaka kabla ya gome kubanduliwa, kukaushwa na kusagwa. Mikono iliyoifanya ilikuwa ya vibarua Waafrika. Vitabu vinawataja wakurugenzi; mimi nawahesabu vibarua kuwa wakulima wa kwanza wa dawa hiyo nchini.

Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari na dawa kutoka Ujerumani ikaadimika. Gome la kaskazini likapelekwa Mpwapwa kutengenezwa vidonge. Amani ilipotekwa mwaka 1916, askari wa jemadari Mjerumani Lettow-Vorbeck walichemsha gome walilobaki nalo na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi. Walikiita kinywaji hicho kwa jina la jemadari wao.

Septemba mwaka huo Waingereza waliingia Dar es Salaam, na wapagazi wa jeshi lao wakapigishwa kambi panapoitwa leo Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na lishe duni kuliko kwa risasi. Dawa ilikuwapo duniani na ilijulikana. Naviona vifo hivyo kuwa dhuluma, wala si ajali ya vita.

Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliiteka Java, na Waingereza wakaigeukia tena mikwinini ya Afrika Mashariki. Baada ya vita ikaja klorokwini, rahisi na ya kiwandani. Vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Waliozidiwa waliendelea kutundikiwa dripu ya kwinini.