Ndimu, Limau na Achari: Majina Yaliyokuja na Kazi Iliyokuwapo

Kila aliyelelewa pwani aujua msimu ambao mdimu mmoja uliopandwa uani huzaa kupita haja ya nyumba. Ndimu hudondoka chini ya mti. Jirani hupelekewa kikapu, na jirani naye ana mdimu wake. Nyingine hutumika kuondoa shombo la samaki, nyingine kusugulia sinia za shaba. Hata hivyo hubaki nyingi, nazo haziliwi kama machungwa, wala hazikai sana zikiachwa. Ziada hiyo ndiyo iliyowafanya watu kutengeneza achari. Makala haya yakusudia kuchunguza maneno yahusuyo kazi hiyo, na kuuliza maneno hayo yaweza kutuambia nini, na hayawezi kutuambia nini, juu ya historia ya watu wa pwani.

Imezoeleka katika uchunguzi wa maneno ya kigeni katika Kiswahili kulichukua neno kuwa hati ya kuingia kwa kitu. Meza na leso ni maneno ya Kireno. Basi husemwa kwamba vitu hivyo tulivipata kwa Wareno. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ng'ambo, niliandika orodha ya namna hiyo bila kusita: upande mmoja neno, upande wa pili taifa lililolileta. Limau lilikuwa katika orodha ya Wareno, na achari katika orodha ya Waajemi na Wahindi. Niliporudi nyumbani Tanga nikamweleza mama yangu habari hizo, naye akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na kuanika je, mwanangu, tulifundishwa na nani?"

Na tuanze na limau. Mwisho wa neno hili, -au, wafanana zaidi na limão ya Kireno kuliko laimun ya Kiarabu, na kwa sababu hiyo asili yake ya Kireno imekubaliwa na wengi. Kimalai nacho kina neno limau, na jambo hilo lataka tahadhari. Lakini hata tukikubali kwamba neno ni la Kireno, haifuati kwamba tunda nalo ni la Wareno. Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, habari za safari yake zasimulia kwamba mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwezi wa Januari 1499, katika safari ya kurudi, mabaharia wake waliokuwa wagonjwa walitamani machungwa ya Malindi, yakatafutwa pwani wakaletewa. Basi wageni ndio waliopewa matunda hayo, wao hawakuyaleta.

Ushahidi wa zamani zaidi ni wa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyefika katika pwani hii mwaka 1331. Akieleza chakula alichokirimiwa Mogadishu, ataja wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na sahani ya maziwa ya mgando ambayo juu yake yaliwekwa malimau yaliyohifadhiwa, vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili hiyo haikuwa pilipili hoho, kwani hoho ilitoka Amerika baadaye. Asema pia kwamba wenyeji walipokula tonge la wali walifuatisha kwa vitu hivyo vikali. Kweli, Mogadishu si Mombasa. Lakini alipofika Mombasa aliona huko nako ndizi na malimau. Neno alilotumia, laimun, laweza kuwa na maana ya ndimu au ya limau, nasi hatuna haja ya kuchagua. Litoshalo ni kwamba tunda lilikuwapo, na sanaa ya kulihifadhi ilikuwapo, zaidi ya miaka 160 kabla ya merikebu ya kwanza ya Wareno.

Tena yafaa kuliangalia neno alilolitumia kwa malimau hayo: musabbar. Mzizi wake ni ule ule uliotupatia subira na saburi. Kwa hiyo, kwa lugha ya mwandishi huyo, limau la achari ni limau lililowekwa likasubiri. Sisi leo hatusemi hivyo. Twasema achari, neno lijulikanalo Uajemi na Bara Hindi, nao Wareno walilichukua huko Asia wakaliita achar. Umbo la neno peke yake halituambii ni nani kati ya hao aliyetufikishia. Ila twaona kwamba jina la kitu laweza kubadilishwa, au kuwekwa jingine kando yake, na kitu kikabaki kile kile.

Ndimu yatupa funzo la namna nyingine. Maneno ya kigeni yaanzayo kwa l au r, yanapoingia katika ngeli ya N, kwa kawaida hayageuki: twasema lugha, leso, ruhusa, rangi. Lakini wingi wa ulimi ni ndimi, na kamba iliyo -refu ni ndefu. Ndimu, ambayo yaelekea imetokana na umbo kama lim au limu la Kiarabu na Kiajemi, imeifuata kanuni hii ya wenyeji. Utazame pia mti wake. Katika nazi na mnazi, nanasi na mnanasi, kiambishi m- huongezwa juu ya neno zima. Kwa njia hiyo tungalitazamia mndimu. Badala yake tuna mdimu: wasemaji waliisikia n- kuwa kiambishi, wakaiondoa, wakatia m- mahali pake. Limau halikufanyiwa hivyo; l yake haikuguswa katika malimau wala katika mlimau. Sidai kwamba tofauti hii yaweza kutupa hesabu ya miaka. Lakini yaonyesha kwamba ndimu imechanganyika na lugha kwa ndani zaidi, hata msemaji wa kawaida haioni kuwa ngeni.

Kwamba jina hukumbuka njia kuliko shamba, si jambo la pwani yetu peke yake. Huko Oman ndimu huchemshwa katika maji ya chumvi, kisha huanikwa juani nzima nzima hata ziwe nyeusi na nyepesi. Ndimu hizo zilipouzwa Iraki ziliitwa numi Basra, kwa sababu zilipitia bandari ya Basra. Mwanafunzi wa maneno asiyejua biashara ile angeandika kwamba ndimu kavu asili yake ni Basra.

Sasa na turudi kwa swali la mama yangu. Kazi yenyewe huwa hivi. Ndimu zilizoiva zikawa manjano huoshwa na kufutwa hata zisibaki na maji, hupasuliwa mapande manne bila kuachana, hushindiliwa chumvi, na kutiwa katika chupa au gudulia pamoja na maji ya ndimu nyingine zilizokamuliwa. Chombo huanikwa kila siku na kuanuliwa kila jioni, kwa majuma kadhaa, hata maganda yalegee na kugeuka rangi. Chumvi huyavuta maji yaliyomo katika tunda, na ukali wa ndimu, ambao ni asidi sitriki, yapata sehemu 5 au 6 katika kila 100 za maji yake, huzuia vijidudu viozeshavyo. Pilipili hutiwa mwishoni. Kijiko chenye maji hakiingizwi kamwe.

Tuyatenge maneno ya kazi hiyo mafungu mawili. Fungu la majina limejaa wageni: ndimu, limau, achari, pilipili. Lakini vitenzi ni kuanika, kuanua, kukamua, kukolea, kuiva. Kuanika ni kitenzi cha Kibantu cha tangu zamani. Waganda husema kwanika na Washona kuyanika, nao hawakulipata neno hilo kwa wafanya biashara wa baharini. Kukamua ni ndugu wa kukama ng'ombe. Kuiva, ambako ni kwa tunda mtini na kwa chungu motoni, kumepanuliwa kukawa kwa achari pia, isiyopata kuona moto. Aliyekuwa akipasua samaki na kumwanika awe ng'onda hakuwa na haja ya kufundishwa kwamba chumvi na jua huhifadhi chakula. Tunda jipya lilipofika, lilikuta kazi ipo. Hali kadhalika mhogo ulitoka Amerika, lakini kuumenya, kuukata na kuuanika uwe makopa ni kazi iliyofanywa kwa mikono na maneno ya hapa.

Orodha ya maneno ya kigeni, ikikusanya majina na kuviacha vitenzi, humwonyesha Mswahili kuwa mpokeaji tu. Kosa hilo nililifanya mimi, na wengi walilifanya kabla yangu. Kamusi zetu nazo hueleza achari kwa maneno machache, zikaacha hatua zake. Wanaozijua hatua hizo kwa majina yake, Lamu, Pemba, Tanga na Kilwa, wengi wao ni kina mama wazee, na achari ya dukani yapunguza kila mwaka idadi ya wanaojifunza kwao. Atakayekwenda kuwauliza asianze kwa kuuliza kitu hiki chaitwaje. Aanze kwa kuuliza chafanywaje, kisha anyamaze asikilize.