Kambale wa Igamba na mvutano wa umeme Kigoma

Katika maporomoko ya Igamba, kwenye Mto Malagarasi mkoani Kigoma, wanaishi kambale wadogo wasiozidi urefu wa kidole. Mvuvi hana haja nao, kwani hawatoshi hata kitoweo cha mtoto.

Mdomo wao uko upande wa chini wa kichwa, umetanda mithili ya kikombe, na kwa huo hujinyonyea kwenye mwamba wasisombwe na maji. Kichwa hadi shingoni kuna ngao ya mfupa, na mapezi yana miiba mikali. Huishi kwa kukwangua mwani na kula vijidudu vya kwenye mawe. Mto ukitulizwa kwa bwawa, tope hufunika mawe hayo na oksijeni hupungua.

Mwaka 2011 wataalamu John Friel na Thomas Vigliotta walitangaza aina tatu mpya kutoka Malagarasi ya chini na Mto Luiche, mojawapo ikiitwa Chiloglanis igamba.

Kabla ya hapo, mkataba wa Februari 2008 ambao Marekani iliipatia Tanzania dola milioni 698 ulijumuisha kituo cha kufua umeme Igamba. Uchunguzi wa mazingira ulipobaini viumbe adimu, mpango uliachwa, na fedha zikaelekezwa kwenye miradi mingine, ukiwamo wa umeme wa jua Kigoma. Kwa mkoa uliokuwa ukitegemea jenereta za dizeli, hilo halikuwa jambo dogo.

Novemba 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa dola milioni 140 kwa mradi mwingine, wa megawati 49.5, kwenye mto huohuo.